Mahali Ninaponyamaza Katika Sala

Katika Baba Yetu kuna maneno machache ambayo mimi siyasemi. Ni yale ya kumwambia Mungu afanye apendavyo yeye. Nayajua. Niliyajua kabla sijajua kufunga kitenge kikakaa kiunoni. Lakini siyasemi, na hata hapa siyaandiki. Anayetaka kuyasoma afungue kitabu chake cha sala.

Watu wa kilima chetu hapa Butihinda wanadhani nimeacha dini. Sijaacha kitu. Jumapili niko kanisani, mbele, upande wa wanawake, na kitenge changu kimepigwa pasi kuliko vya hao wanaonisema. Wengine wanadhani ni uzee, kwamba nasahau. Meno ndiyo yamepungua. Kichwa kiko palepale.

Mimi nilikulia Tanzania, kambini. Huko ndiko nilikosoma madarasa yangu machache, huko nikaolewa, huko nikazaa. Tuliporudi Burundi tulirudi na masufuria, mabati na Kiswahili. Ndiyo maana jumuiya yetu ya waliorudi inasali rozari kwa Kiswahili hadi leo, na wenzetu ambao hawakukimbia wanatucheka, wanatuita Waswahili wa Bikira Maria. Sawa, na tucheke wote. Mwongozaji wa rozari nilikuwa mimi. Nina sauti. Nikianzisha sala huku juu, mtu anayepalilia maharage kule bondeni anavua kofia.

Binti yangu, kitinda mimba wangu, alirithi sauti hiyo akaitumia kucheka. Aliolewa na kijana wa karibu na Mutoyi, wakaenda kupanga chumba Gitega mjini. Kijana alikuwa akichomelea milango ya chuma, binti yangu akiuza uji na maandazi asubuhi. Alipokaribia kujifungua aliniita, nikaenda. Mtoto alitoka salama, wa kike, anapiga kelele kama amekuja kudai haki yake. Mama yake akaanza kutoka damu, na damu haikusimama.

Nilikaa kwenye benchi la korido ya hospitali. Sista mmoja akaja akakaa nami, mwanamke wa moyo mzuri, simlaumu hata leo. Akanishika mkono.

"Mama, mwachie Mungu," akasema. "Sema Baba Yetu, na ukifika pale pa mapenzi yake, uyaseme kwa moyo. Usibakize kitu."

Mimi maneno yale nilikuwa nimeyasema maisha yangu yote kwa mdomo tu, kama unavyosema "amahoro" kwa mtu mnayepishana naye njiani. Siku hiyo niliyasema kwa moyo. Sikubakiza kitu. Nilifungua mikono yote miwili juu ya magoti, hivi. Na mikono ikiwa bado wazi, mlango ukafunguliwa, daktari akatoka anavua glovu.

Sasa asije mtu akaniambia eti nadhani nilimwua mwanangu kwa maneno. Ujinga huo sina. Daktari alisema damu imekwisha na nyingine haikupatikana, na nilimwelewa. Padri alisema Mungu amempenda zaidi, na yeye sikumwelewa. Ninachosema ni hiki: Mungu aliniomba ruhusa, nikampa, akaitumia palepale. Tangu siku hiyo simpi tena.

Tulimzika kwenye kilima cha mume wake, karibu na Mutoyi. Desturi yetu, msiba hauendi bila mtu wa kusimama kusema neno kwa niaba ya ukoo. Akasimama mzee mmoja wa upande wa mume, msemaji hasa, akasema Mungu alipita bustanini mwake akachuma ua lililo zuri kuliko yote. Watu wakaguna kwa kukubali. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, kichanga kifuani.

"Ana bustani yake," nikasema. "Aache yangu."

Mama wa kijana, mkwe mwenzangu, akainama sikioni kwa jirani yake, lakini nikamsikia: "Ni uchungu unaomsemesha."

Uchungu ulikuwepo, ndiyo. Lakini aliyesema ni mimi.

Nikarudi Butihinda na mtoto mgongoni, maana baba yake hakujua hata namna ya kumshika kichwa. Baadaye alioa tena. Sina neno naye, viatu vya mtoto huleta.

Jumuiya walinipa muda wa kulia, kisha wakaniomba niongoze tena. Sasa wanaosali rozari wanajua: mwongozaji huanza Baba Yetu peke yake, na watu hupokea pale pa mkate. Maneno yale ambayo mimi siyasemi yako mwishoni mwa sehemu ya mwongozaji. Hayana pa kujificha. Nikaanza vizuri, nikafika pale, nikanyamaza. Wao wananisubiri mimi, mimi nawasubiri wao. Jogoo wa jirani akawika. Wakafikiri nimepaliwa, mama mmoja akakimbia akaniletea maji kwenye kikombe. Nikayanywa, kwa nini niyakatae? Kisha nikasema, "Haya, mkate."

Wakaomba mkate wakitazamana.

Ilipotokea tena na tena, mwenyekiti wa jumuiya akanivuta pembeni. "Mama, tunakuombea sana."

"Niombeeni mvua," nikamwambia. "Maharage yangu yanakauka."

Rozari wakampa mwingine, mwanamke mwenye sauti ya mbu. Mungu akimsikia yule, basi kweli anasikia kila kitu.

Jirani zangu walokole nao wakaona nafasi. Walinichukua kwao Jumapili moja, wakanizunguka, wakanipigia kelele kichwani hadi kilemba kikaanguka. Wakaniambia nami nipige kelele, nimlilie Bwana kwa nguvu. Nikawaambia mimi na Bwana hatuna shida ya kusikilizana. Ananisikia vizuri sana. Shida yetu ni nyingine. Nikaokota kilemba nikaenda kupika.

Wasomi wanaotoka mjini huwa wanauliza kama mtu anaamini au haamini, kana kwamba ni taa, imewaka au imezimika. Kwangu haikuwa hivyo. Kulikuwa na siku nalima, nanyoosha mgongo, natazama mbingu, naona mawingu tu, hakuna mtu. Siku hizo nilipumzika. Mtu asiyekuwepo hana kosa. Siku mbaya zilikuwa zile nilizojua kwamba yupo. Nilimjua kama unavyojua kuna mtu nyuma ya mlango hata asipokohoa. Siku hizo nilimsema. Nilimsema nikiwa nimeshika jembe, kwa sauti, na wapita njia walidhani nagombana na mbuzi.

Mtoto akakua katika hali hiyo. Na niseme wazi, maana kusifia mjukuu si dhambi, na kama ni dhambi nitaiungama baadaye: yule mtoto ana akili. Shuleni ni wa kwanza, na akiwa wa pili mwalimu hujieleza kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha sala zote. Jioni tukisubiri maharage yaive, namwanzishia, anarudia. Salamu Maria, Nasadiki, Sala ya Kutubu, zote. Na Baba Yetu. Kwa Kiswahili na kwa Kirundi, na kote niliruka palepale. Sikupanga kumdanganya. Mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kupita pembeni, kama mguu unavyokwepa shimo la njia ya nyumbani bila wewe kufikiri.

Ukafika mwaka wa komunyo ya kwanza. Katekista wetu ni kijana mnyoofu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, namjua tangu kamasi zake. Aliwasimamisha watoto kwenye uwanja wa kanisa, mmoja mmoja atoe sala zake, sisi wazazi na walezi tukiwa tumekaa kwenye majani tunasikiliza. Wa kwetu akasimama. Nasadiki akaimwaga yote bila kumeza mate. Nikawatazama wanawake wengine kuona kama wanaona. Akaingia Baba Yetu, akakimbia vizuri, akaruka, akatua kwenye mkate.

"Rudia," akasema katekista.

Akarudia. Akaruka.

"Kuna maneno umeyasahau."

"Sijasahau, bwana mwalimu. Ndiyo yote."

Watoto wakaanza kucheka. Yeye akageuka akawatazama kama wao ndio hawajui. "Ndiyo yote!" akasema. "Bibi anasali hivyo, na bibi anajua."

Nimepigwa na mengi katika maisha. Hakuna lililonipiga kama hilo. Alisimama pale anachekwa, ananitetea, na hajui ananitetea nini.

Katekista akanijia. Alichuchumaa mbele yangu kwa heshima, hilo siwezi kumnyima.

"Mukecuru," akaniambia, maana ndivyo wanavyoniita sasa, mwanamke mzee, "nani alimfundisha huyu mtoto?"

"Mimi."

"Sala nzima?"

"Niliyo nayo."

"Bila Baba Yetu nzima siwezi kumpeleka kwa padri. Atabaki. Wenzake watavaa nyeupe, yeye atabaki. Mfundishe, mama. Ni maneno machache tu."

"Kama ni machache, mbona yanawaumiza nyote nisipoyasema?"

Akasema anampa nafasi nyingine wiki inayofuata, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Njiani mtoto hakunishika mkono. Alitembea mbele, mgongo umenyooka, mgongo wa mama yake kabisa. Tulipofika nyumbani akaniuliza kama kweli kuna maneno.

"Yapo."

"Ulinificha."

"Nilikuficha."

"Kwa nini?"

Basi nikamwambia. Nilikuwa sijawahi kumwambia habari za benchi. Nilimwambia yote, sista, mikono, mlango, glovu. Alisikiliza huku akichambua mchicha, na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Sasa mimi niyaseme au nisiyaseme?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Ugomvi ni wangu. Nimeulea, nimeulisha, unanijua. Lakini je, ni haki kumpa mtoto ugomvi kama unavyompa mtu shamba? Na upande mwingine, nikimfundisha kusema yale maneno, si ndio nafungua mikono tena, na safari hii aliyebaki ni yeye? Kwa mwanangu yule nilibakiwa na mmoja tu. Mtu anayeona hofu hiyo ni ya kijinga, akae kwanza kwenye lile benchi.

"Ni yako," nikamwambia. "Utaamua mwenyewe. Lakini lazima kwanza uyajue."

"Basi nifundishe."

Nikafungua mdomo. Nikaanza mwanzo kabisa ili nipate mwendo, kama mtu anayetaka kuruka mfereji. Nikafika. Hakuna kilichotoka. Mtoto akanitazama, akarudi kwenye mchicha wake. "Basi, bibi," akasema. "Basi."

Kesho yake tulikuwa na safari ya Muyinga mjini kujaribu gauni jeupe. Gauni nilikuwa nimelitoa kwa fundi kabla ya aibu zote hizi. Fundi wangu ni mama wa Kiislamu, mjane, mzaliwa wa mjini pale, ana cherehani barazani karibu na soko. Tulijuana nilipokuwa ndiyo kwanza nimerudi na Kirundi changu kilikuwa kinachekesha watu. Yeye Kiswahili ndicho cha kwao nyumbani, ingawa si kama changu. Mimi namwambia chake kimevunjika mguu, yeye ananiambia changu kimevaa tai.

Akamsimamisha mtoto juu ya kigoda, pini mdomoni. "Eh, we uko mrefu! Bibi yako anakupa nini, mbolea?" Kisha akanitazama. "Na we, sura iko vile juu ya nini? Mi nilishona mubaya?"

Nikamweleza. Akatoa pini mdomoni ili acheke vizuri.

"Ni ile maneno tu? Ya Mungu afanye yake? Lakini sisi ile tunasema hata chai ikimwagika!"

"Semeni. Mimi siwezi."

"Mi nilisoma kwa masista hapa Muyinga, na kitambaa yangu kichwani. Kila asubuhi tulikuwa tunasali hiyo Baba Yetu yenu. Mi naijua kuliko wakristo wengine."

"Ulipomzika mume wako uliyasema ya kwenu?"

"Nilisema."

"Kwa moyo?"

Akarudisha pini mdomoni. Akapiga pini moja kwenye pindo, akapiga ya pili. "Kuna siku," akasema kwa pembeni ya mdomo. "Ingine siku nasema sababu majirani wanasikia."

Tukatazamana, tukacheka wote wawili hadi mtoto akatukasirikia juu ya kigoda chake. Kisha fundi akamgeukia. "Bon. Simama sawa. Mi nitakufundisha. Bibi yako iko na sababu yake, na sababu yake ni kubwa, usicheze nayo. Lakini mtu hawezi kukataa chakula hajaona nini iko ndani ya sahani. Sikia."

Mimi nikatoka. Nikaenda hadi kwa wauza ndizi, nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji, mwenye shamba la migomba mimi. Nyuma yangu nilisikia sauti mbili, moja ya Mwislamu na moja ya mjukuu wangu, zinarudia maneno yale juu ya kelele za cherehani ya jirani. Nilisimama na ndizi mkononi. Nilisubiri kitu kitokee. Gari la mizigo likapita kuelekea mpakani Kobero, dereva anapiga honi. Hakuna kingine kilichotokea.

Wiki iliyofuata akatoa sala nzima mbele ya katekista, haraka, bila kunitazama. Alipita. Niliona fahari na niliona kichefuchefu, vyote pamoja, na sioni kwa nini nichague.

Siku ya komunyo kanisa lilijaa hadi nje. Gauni lilimkaa kama amezaliwa nalo. Walezi tulisimama nyuma ya watoto wetu na mishumaa, na ulipofika wakati wa Baba Yetu wote wakashikana mikono. Katekista alikuwa amesimama upande wangu, sikio lake limekuja kabla yake. Nikasali kwa sauti yangu ile ya bondeni. Nikafika pale, nikanyamaza. Mbele yangu mtoto akasema maneno yale yote, wazi, kichwa juu. Kisha mkate tukauomba wote wawili. Na komunyo nilipokea.

Nje, katekista akanifuata. "Mukecuru, leo nimesikia hukusema."

"Masikio yako mazima. Shukuru."

"Na ukapokea mwili wa Bwana!"

"Nimepokea. Mwenye meza hakunifukuza. Wewe ni mgeni wake kama mimi, kula ukae kimya."

Watu waliosikia walishika midomo. Padri alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na nadhani alisikia, maana ghafla alipata mtu wa kumsalimia upande wa pili.

Mtoto alitaka mama yake aone gauni. Hivyo ndivyo alivyosema, aone. Safari ya upande ule wa Gitega siku hizi ni kusubiri gari lenye mafuta, tukasubiri, tukapata, tukafika Mutoyi gauni likiwa ndani ya mfuko wa plastiki mapajani mwangu. Alivaa nyumbani kwa mkwe mwenzangu. Yule mama amezeeka, macho yamefifia, alimpapasa mtoto mabega na mikono akalia. Ukoo ukakusanyika, tukaenda kaburini, chini ya nyumba, penye migomba. Baba yake alikuwa ameng'oa majani, amepanga mawe upya.

"Mtoto atuongoze sala," akasema mkwe mwenzangu. "Sasa amekuwa mtu mzima kanisani."

Akaanza. Ana sauti ile. Yangu, ya mama yake. Wanaume waliokuwa nyuma wakavua kofia. Akaenda vizuri, akafika pale. Akanyamaza. Wote wakamsubiri. Akageuka akanitazama mbele za watu wote.

"Bibi, na hapa tunasemaje?"

Mkwe mwenzangu akafungua mdomo amkumbushe. Nikamshika mkono, nikamzuia. "Mwache," nikasema. Kisha nikamwambia mtoto, "Hapa sema lako."

Akatazama mawe. Akavuta gauni lisiguse udongo. Akafikiri, kama anavyofikiri akiwa ubaoni.

"Usifanye tena," akasema.

Mkwe mwenzangu akashtuka, mkono mdomoni, kama mtu aliyesikia mtoto akimtukana mfalme. Yule mzee wa ua na bustani alikuwepo, akakohoa. Baba yake mtoto alitazama chini, mabega yakaanza kutikisika.

Mimi nikaitikia. Mahali pale nilipokuwa nimenyamaza miaka yote, nilisema amina, na niliisema kwa nguvu, ili wa karibu wasikie na wa juu asikie.

Kisha tukaendelea na mkate, maana mkate bado naomba.